Mlinzi Aliyefanana na Mkwe

Bunduki yangu ya kwanza ilichongwa kwa mkalitusi na kupigwa namba arobaini na moja kwa msumari wa moto. Bunduki za chuma zilikuwa zimekwenda kaskazini pamoja na watu waliojua kuzitumia, kwa sababu vita vilikuwa huko, na sisi makuruta wa kambi iliyokuwa nje kidogo ya Tororo tulijifunza vita kwa mbao. Nalitaja hili mwanzoni kabisa kwa kuwa kila ninapowasimulia watu yaliyofuata, hutokea mmoja akauliza kwa nini sikufyatua risasi hewani mambo yaishe. Sikuwa na risasi. Nilikuwa na ubao.

Ubao huo ulipewa heshima zote za silaha. Tulilala nao, tuliufuta vumbi asubuhi, na kila Jumamosi tuliupaka mafuta yaliyobaki jikoni. Mwenzetu mmoja aliusahau wake nje kwa siku mbili, mchwa wakala kitako chote, naye akaadhibiwa kwa kosa la kumwachia adui silaha. Risasi zilitoka mdomoni: ta, ta, ta. Hata hizo zilikuwa na kipimo. Sajini wetu aliruhusu tano kwa kila shambulio, na aliyepiga ya sita alizunguka uwanja akiwa ameweka ubao kichwani, kwa kupoteza mali ya serikali. Mimi niliwahi kupiga ya sita. Nilijitetea kwamba ilikuwa kikohozi. Sajini alilifikiria jambo hilo kwa muda mrefu, kisha akaniambia nizunguke nusu uwanja.

Sajini huyo alikuwa mtu mnene kutoka upande wa magharibi ya nchi, mwenye masharubu yaliyonyooka kama yamepimwa kwa rula. Alitaka kila jambo liwe na sababu, na kila sababu iandikwe kwenye daftari lake jekundu. Kwa tabia tulipatana. Mimi pia ni mtu wa kuandika mambo, na sehemu kubwa ya ninayoyaeleza hapa niliyaandika siku hizo hizo nyuma ya karatasi za sabuni.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo sikuliandika popote. Fomu ya kujiunga iliuliza kama nina mke, nami nikajibu kwamba sina. Ulikuwa uongo. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, na nyumbani kwetu Dabani nilikuwa na mke, tena mwenye mimba ya miezi miwili. Kuruta hakuruhusiwa kuwa na mke. Aliyegundulika kabla ya kuhitimu alirudishwa kwao siku hiyo hiyo na hakupokewa tena. Baada ya kuhitimu ilikuwa ruhusa. Ungeweza kuoa jioni ile ile ukiwa bado na jasho la gwaride.

Nilidanganya kwa sababu ya redio. Shule niliacha darasa la saba, na mengi ninayoyajua nimejisomea katika vitabu visivyo na majalada. Redio ya mawasiliano, hata hivyo, huwezi kuisoma bila kuishika, na mahali pekee nilipojua mtu asiye na cheti angeruhusiwa kuishika palikuwa jeshini. Mke wangu alisema niende. Yeye angerudi kwa mama yake, katika kijiji cha Molo, na akiulizwa angesema mume wake amesafiri. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa moja tu: kuwa kapera kwa miezi tisa. Leo naona jinsi mpango huo ulivyokuwa wa ajabu. Nilihangaika kwa kila njia nisirudishwe nyumbani, ili nipelekwe mahali ambapo kila aliyekuwa huko aliomba arudishwe nyumbani.

Mwezi wa tano kambi ilipata mtu mpya wa kuleta maharagwe.

Kabla sijaendelea, lazima nieleze desturi moja kwa ajili ya wasomaji wa mbali. Wa kwetu wanaweza kuiruka aya hii. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawakutani. Akitokea njiani, wewe unaingia shambani. Kama hakuna shamba, unageuka unampa mgongo mpaka apite, naye hufanya vivyo hivyo. Hampeani mikono, hamli pamoja, hamtazamani usoni, na jina lake halipiti mdomoni mwako. Hakuna chuki yoyote katika jambo hili. Ni heshima, na wakwe wengi wamepatana maisha yao yote kwa njia hii.

Siku hiyo tulikuwa watu kumi na wawili, tukitembea kwa mstari kando ya handaki lililo karibu na ua. Nje ya ua, kwenye njia itokayo Molo, nilimwona punda mwenye magunia mawili, na nyuma ya punda mwanamke aliyefunga kitambaa cha buluu na kutembea bega la kushoto likiwa mbele. Nilimtambua kwa mwendo kabla ya kufika usoni, nikashukuru, maana uso sikupaswa kuuona. Nikajitupa handakini.

Tulikuwa tumefundishwa kwamba mmoja akijitupa, wote wanajitupa, maswali baadaye. Wenzangu kumi na mmoja wakanifuata. Sajini alifuata mwishoni kwa sababu ya tumbo. Tukalala kimya, tumebanana, pua kwenye udongo, tukasikiliza kwato nne zikipita taratibu upande wa pili wa ua.

Sajini aliniuliza kwa kunong'ona nimeona nini. Nikamjibu kwamba nimeona mwendo. Mwendo wa nini? Nikasema sikusubiri kujua, afande. Alinitazama kwa macho ya mtu aliyengoja jibu hilo kwa miaka mingi. Kesho yake, mbele ya gwaride, alinitangaza kuwa kuruta mwenye macho kuliko wote, akanipa zawadi: nitalinda lango kuu kila siku kuanzia saa tatu hadi saa sita.

Maharagwe yalikuja saa nne.

Mama mkwe hakuwa ameniona siku ile ya handaki. Alichoona ni watu kumi na watatu, mmoja wao mnene, wakitumbukia shimoni mara punda wake alipotokea. Mke wangu aliniambia baadaye kwamba mama alirudi nyumbani akiwa na wasiwasi mkubwa kuhusu vita. Kama wanajeshi wenyewe wanaogopa punda, alisema, basi tufunge mizigo.

Sheria za mlinzi wa lango zilikuwa tatu, zimeandikwa kwa chaki kwenye ubao mweusi: asiondoke mahali pake, amsimamishe kila anayekuja, amuulize jina na kuliandika. Kila nilipozisoma niliona kwamba zilitungwa na mtu asiyekuwa na mkwe. Lango halikuwa na kichaka wala shamba. Palikuwa na mimi, kibanda cha mabati, na hatua arobaini na mbili za ardhi tupu mpaka kwenye kichuguu palipoanzia shamba la mihogo la jirani. Hatua hizo nilizihesabu mwenyewe.

Siku ya kwanza langoni mama mkwe alitokea kwenye kichuguu, tukaonana. Mimi nikageuka. Yeye akaingia kwenye mihogo. Punda, ambaye hana mkwe, akaendelea peke yake mpaka langoni, akasimama nyuma yangu akipumua kwenye shingo yangu. Tulikaa hivyo kwa muda. Sikuweza kumpokea, kwa kuwa kumpokea kulihitaji nigeuke upande aliko mama mkwe. Mwishowe punda aliona hapa hakuna watu wa maana, akarudi zake Molo na maharagwe yote. Keshokutwa yake akaja, akarudi. Mara ya tatu alifika mpaka kwenye kichuguu tu, akatazama mgongo wangu, akageuka bila kuambiwa.

Kambi ikaanza kula posho, yaani ugali mtupu, kwa chumvi.

Njaa ya wiki moja huleta nadharia nyingi. Mpishi aliamini kwamba adui amekata njia ya Molo. Mwingine alisema punda yule ni mpelelezi na kwamba anahesabu nguvu zetu. Kuruta aliyelala kitanda cha jirani, kijana aliyetoka kijiji cha Kiyeyi mwenye mdomo usiofungwa, hakusema lolote kwa siku tano, na hilo peke yake lilinitia hofu. Siku ya sita alikuja langoni saa nne kasoro, akijifanya anafagia. Alimwona punda, akauona mgongo wangu, akaona kitambaa cha buluu kikizama kwenye mihogo. Aliendelea kufagia sehemu ile ile.

"Ndugu yangu," akasema, "huyo mke ni wa kwanza au una wengine?"

Nikamwambia simwelewi.

"Mwanamume anakimbia vitu vitatu: chui, polisi na mama mkwe. Huyo mama hana kiatu cha polisi."

Nilimsihi anyamaze. Alikubali, kwa masharti kwamba ukoko wangu wa posho uwe wake mpaka tuhitimu. Nikakubali. Ukoko ndio uliokuwa sehemu pekee ya chakula chetu yenye ladha, na yeye aliutafuna mbele yangu kila mchana akiniita shemeji.

Sajini hakuwa mtu wa nadharia. Alitaka sababu. Jumatatu moja aliingia kwenye kibanda cha mabati saa tatu na nusu akiwa na daftari jekundu, akakaa juu ya debe, akachungulia kupitia tundu la msumari. Aliona kila kitu. Punda alipokwisha geuka, sajini akatoka, akasimama mbele yangu na Kiswahili chake cha kambini.

"Kuruta. Maharagwe nakuja, wewe nageuka. Maharagwe narudi, wewe nageuka tena. Kuna nini kati yako na maharagwe?"

Kama ningesema kweli, jioni ningekuwa kwenye barabara ya Busia, ya kurudi kwetu, na fuko langu, bila redio na bila la kumwambia mke wangu. Kama ningesema uongo mwingine, ungeandikwa. Nilisema tu, "Afande." Akaniamuru niingie kibandani na nisitoke. Kisha yeye mwenyewe, kwa hatua nzito, akaelekea kwenye kichuguu.

Mabati yale hayakuzuia sauti hata kidogo. Tena mama mkwe alikuwa akisema kwa sauti ya juu, kama wasemavyo akina mama wa kwetu wanapotaka kusikiwa na mtu wasiyeruhusiwa kusema naye. Hakutoka kwenye mihogo. Alijibu akiwa humo humo ndani.

"Mama," sajini alisema, "kijana wangu amekukosea?"

"Hapana. Simjui."

"Sasa mbona namkimbia?"

"Amefanana na mkwe wangu."

Nilishikilia bunduki yangu ya mbao kwa mikono miwili. Niligundua baadaye kwamba mke wangu alikuwa amemweleza mama yake yote, pamoja na ile fomu.

"Mkwe wako yuko wapi?"

"Amesafiri."

"Basi huyu siye."

"Siye kabisa. Lakini amefanana naye mno. Nikizoea kumtazama huyu, siku yule akirudi si nitamtazama kwa mazoea? Hiyo aibu utaibeba wewe?"

Nilisikia karatasi ikifunuliwa, sajini alikuwa akiandika. Akauliza kufanana kwenyewe kuko sehemu gani.

"Masikio," mama mkwe akasema. "Na hayo mabega. Ona anavyosimama, kama kanga aliyenyeshewa mvua. Mkwe wangu naye ndivyo alivyo."

"Ni mtu mzuri, huyo mkwe?"

"Anasoma sana. Kulima hajui. Binti yangu anampenda. Basi na sisi tunamvumilia."

Hiyo ndiyo mara moja tu katika maisha yangu niliyosikia kwa masikio haya, yaliyotajwa, maoni ya mama mkwe wangu kunihusu. Nilinyoosha mabega mle kibandani, ingawa hakuna aliyeniona.

Kesho yake sajini alisoma amri mpya mbele ya gwaride. Nainakili kama ilivyokuwa, kwa kuwa niliiandika siku hiyo hiyo: punda wa maharagwe akionekana, mlinzi wa lango atageuka nyuma na kutazama ndani ya kambi hadi punda apite, kwa sababu adui anaweza kutokea hata ndani. Jina la mwenye punda litaandikwa na sajini mwenyewe. Kijana wa Kiyeyi, aliyesimama kushoto kwangu, alitikisika mabega mpaka mwisho wa gwaride, akaulizwa anacheka nini, akasema ni homa.

Maharagwe yakarudi. Kila saa nne sajini alitokea mlangoni mwa ofisi yake na kupaza sauti, "Mlinzi! Nyuma, geuka!" nami nikageuka kwa ukakamavu kuliko kuruta yeyote katika kambi ile. Kwato zikapita nyuma yangu, na baada ya kwato viatu vya plastiki. Mama mkwe naye alipata njia yake. Hakusema nami hata siku moja. Alisema na punda.

"Wewe punda," angesema, akipita polepole, "binti yangu sasa anakula vizuri. Miguu tu ndiyo inavimba." Au: "Punda, paa la kule Dabani linavuja, mwenyewe akirudi alitazame." Punda hakujibu na mimi sikujibu. Kwa miezi miwili nilipata habari zote za nyumbani kwa njia hiyo, na kwa mpangilio mzuri kuliko barua. Nikiwa na swali nilimwuliza kijana wa Kiyeyi, aliyekuja kufagia langoni, kwa sauti, kana kwamba tunazungumzia watu wengine, na keshokutwa punda aliambiwa jibu.

Mwezi wa saba ulipofika nusu, punda alipita siku mbili akiwa na mzee mmoja asiyesema lolote. Siku ile ya pili sikuweza kula, na kijana wa Kiyeyi alinirudishia ukoko wangu bila kuombwa, jambo lililonitisha zaidi. Siku ya tatu niligeuzwa kama kawaida, nikasikia viatu vya plastiki vikija, vikisimama. Mama mkwe hakumwambia punda kitu. Nilisikia mnong'ono tu, kisha viatu vikaenda jikoni, na sajini akaja kusimama kando yangu, akitazama ndani ya kambi kama mimi.

"Kuruta," akasema. "Kuna mtu amefanana na wewe."

"Ndiyo, afande."

"Amepata mtoto wa kike. Mama na mtoto wote wazima."

Mbele yetu wenzangu walikuwa wakishambulia kichaka kitupu, ta, ta, ta. Nilihesabu risasi zao ili macho yasinisaliti.

"Nafurahi kwa ajili yake, afande."

"Furahi pole pole. Wewe hauna mke."

Akaandika kitu kwenye daftari jekundu, akalifunga, akaondoka. Aliyoyaandika humo sijawahi kuyajua. Sijui pia alikuwa ameanza kujua lini. Huenda ni siku ile ile ya kichuguu, maana hata mtu wa magharibi anaweza kukutana na sababu isiyopaswa kuandikwa.

Siku ya kuhitimu tulibeba mbao zetu, safari hii zimepakwa masizi ya jikoni ili wageni waliokaa mbali wadhani ni chuma. Mikono yetu ilikuwa myeusi mpaka kwenye viwiko. Wageni walikaa kwenye viti chini ya turubai, upande wa kulia wa uwanja: maofisa, viongozi wa tarafa, na watu walioilisha kambi. Mke wangu alibaki nje ya ua kwa tahadhari, kwa kuwa gwaride lilikuwa bado halijaisha na mimi nilikuwa bado kapera. Niliijua saluti tutakayotoa tukipita mbele ya turubai. Nilichosahau, mimi ninayejisifu kwa utaratibu, ni kwamba mwenye maharagwe naye angepewa kiti.

Nilikumbuka tukiwa tumebakiza hatua kama ishirini. Amri ikishatolewa, kila mtu hugeuza uso kulia na kumtazama mgeni machoni. Asiyegeuza amevunja gwaride na hahitimu. Aliyegeuza, kama ni mimi, amemtazama mama mkwe wake usoni mbele ya wilaya nzima. Kijana wa Kiyeyi, aliyekuwa nyuma yangu, alikumbuka pia. Nilimsikia akivuta pumzi.

"Kulia!" sajini akapaza sauti. "Tazama!"

Nikatazama.

Katika safu ya mbele, katikati ya maofisa waliopiga saluti, kiti kimoja kilikuwa kimegeuzwa. Mwenye maharagwe alikuwa ameligeuzia mgongo jeshi zima, ameketi wima ndani ya gomesi, lile gauni refu la sherehe, la manjano, anatazama nguo ya turubai kama mtu anayesubiri mvua iishe. Ofisa wa pembeni yake alikuwa akimtazama kwa mashaka. Na juu ya bega lake la kushoto, lile linalotangulia akitembea, alikuwa ameegemeza mtoto mchanga, uso wake ukiwa upande wetu, macho wazi.

Kwanza kabisa niliyaona masikio yake.

Sajini alikuwa hatua moja mbele yangu, mkono kwenye kofia, uso kulia kama amri ilivyotaka. Masharubu hayakutikisika. "Huyo mtoto," akasema kwa sauti ya chini, "amefanana na mtu."